Dakika ya Nne

Dawa iliingia kimya,
tone kwa tone, kama paa la jirani
theluji inapoanza kuyeyuka mwezi wa Machi.
Nilikuwa namwambia muuguzi, Polona,
kwamba kiti chao kinalalika kuliko kitanda changu kule Idrija,
na sentensi sikuimaliza.

Dakika ya nne uso ukawaka.
Si homa, si haya:
mlango wa tanuri umefunguliwa nami nimeinama mbele yake.
Kiuno kikakazwa kwa mkanda wa mtu mwingine.
Kifua kikawa mfuko uliofungwa mdomo.
Na neno nililolitafuta kwa pumzi ile iliyobaki,
mtanicheka,
lilikuwa samahani.
Mama alitulea hivyo: usimsumbue mtu aliye kazini.

Polona hakungoja radhi zangu.
Alibana mrija kabla mkono wangu haujanyanyuka,
akamwita daktari mara moja tu, bila kupaza sauti,
barakoa ya hewa, sindano, sindano ya pili,
"Nitazame mimi, bibi Otilija. Mashine niachie."
Nikamtazama. Ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto.
Nililikariri.

Nusu saa baadaye wakairudisha dawa ileile,
kwa mlango uleule,
ila safari hii ikipiga hodi
na kungoja ukumbini
na kuvua viatu.

Sasa kila mzunguko, usiku wa kuamkia tiba,
nameza vidonge vya kuutuliza mwili usipigane,
na mwili, badala ya kutulia, unakesha.
Saa tisa za usiku nimekaa na mto wa lesi mapajani,
jozi kumi na saba za vijiti
vikigongana kama meno ya mwenye baridi.
Kazi hii naifanya tangu nikiwa na miaka saba.
Vidole vilijua njia, macho yalifuata tu.

Mzunguko wa tatu, nikaona damu kwenye uzi mweupe.
Pini ilikuwa imenichoma,
na aliyeniambia ni doa.

Kaka yangu Ciril, aliyetunza stoo ya mgodi hadi ulipofungwa,
ananiandikia daftari, safu kwa safu, kama shehena:
Ulimi: ladha ya sarafu. Kucha: zambarau.
Choo: siku ya nne, bado.
(Hilo la choo tuligombana.)
Safu ya vidole nilimwamuru aandike: salama.
Nilihofu wakijua watapunguza dawa,
na dawa nilikuwa nimeilipia
kwa nywele, kwa nyusi, kwa utamu wa mkate;
nani hukubali kupunjwa alicholipia?

Mficha maradhi, husemwa, kilio humuumbua.
Mimi niliumbuliwa na kifungo.
"Funga sweta, nje kuna upepo," alisema Polona,
akasimama, mikono mfukoni, akiniangalia
nikikitafuta kama kitu kilichoanguka kisimani.
Cha kwanza kikaingia tundu la pili.
Cha pili hakikuingia popote.
Hakunigombeza. Alivifunga vyote, akaenda kumwita daktari.

Dozi ilipungua. Ganzi haijaondoka;
pengine itaondoka, pengine tutazeeka pamoja,
daktari mwenyewe alisema "pengine" mara tatu
na nikamheshimu kwa hilo.
Ile lesi sijaifua. Doa limekuwa rangi ya chai,
na kuanzia hapo mafundo ni makubwa, yamelegea,
kazi ya mtoto wa miaka saba.

Siku hizi kengele huwekwa mapajani mwangu.
Juzi niliibonyeza. Polona akaja nusura akimbie.
"Sikio," nikasema. "Linawasha. Kidogo tu."
Hakucheka.
Aliligeuza kwenye mwanga,
mbele na nyuma, bila haraka,
kama fundi anavyokagua fundo.